Shingo ya Mbwa wa Bwana Sauti

Mtaa mzima ulimwita Mama Sentimita, na wala hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo tepu yake ilikuwa imezunguka viuno vya karibu kila mtu aliyeishi kati ya duka la kona na kituo cha mafuta. Mteja akilalamika kwamba gauni limebana kwa sababu ya ushonaji mbovu, yeye hakubishana. Alifungua daftari la vipimo, akalamba kidole, akamsomea kiuno chake cha mwaka juzi mbele ya wateja wengine, kisha akamsomea cha leo. Watu walilipa haraka na kuondoka.

Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alikuja kwenye msiba na begi la siku tatu, miaka tisa ilikuwa imepita, na begi bado lilikuwa juu ya kabati. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na ikifika saa nane mchana alikuwa amesharudi, amevua viatu, amekaa kwenye kiti cha wateja na kutoa maoni kuhusu nguo za watu. Wawili hao walipendana kwa namna yao, yaani hawakukubaliana jambo lolote tangu mazishi.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Cherehani moja ilikuwa mlangoni, nyingine dirishani, meza ya kukatia katikati, na vipande vya vitambaa kila mahali. Dirisha lile lilitazama ua wa nyuma wa jirani yao, na jirani huyo hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mtangazaji wa redio. Kila siku saa tatu asubuhi alikuwa na kipindi cha malezi, akiwafundisha wazazi namna ya kupenda, kwa sauti nene iliyoteleza kama asali kwenye kijiko. Watu walimwita Bwana Sauti. Mara moja moja katikati ya kipindi alisalimia majirani zake hewani, na aliyesalimiwa hakutembea kama kawaida wiki nzima. Mwenye duka alikuwa amesalimiwa mara nne. Alizihesabu.

Huyo Bwana Sauti alikuwa na mbwa. Alimpata miaka miwili nyuma, kituo cha redio kilipotaka picha yake ya kalenda. Wakampiga picha amekumbatia kitoto cha mbwa, shavu kwa shavu, kinywa wazi kwa furaha. Kalenda ikatoka, ikapendeza, na kitoto kikafungwa mkanda mwekundu wa nailoni shingoni, kikapelekwa ua wa nyuma, kikafungwa kwenye mguu wa tangi la maji. Tangi lenyewe lilikuwa la lita elfu mbili. Bakuli lake yeye lilikuwa kavu siku nyingi kuliko lilivyokuwa na kitu.

Mbwa alibweka. Alibweka mwaka mzima, kisha akabweka mwaka wa pili, na Mama Sentimita, ambaye jina jingine la mbwa kwake lilikuwa meno, hakuwa na huruma naye. Alipokuwa msichana anapeleka nguo kwa wateja, mbwa wa mteja mmoja alimkamata kwenye mvungu wa goti, na kovu alikuwa nalo mpaka leo. Kwa hiyo mbwa wa jirani alipozidi, alifunga dirisha na kuongeza sauti ya redio. Redioni alikuwa Bwana Sauti, anaeleza madhara ya kumpuuza mtoto.

Siku moja ya jumatatu, Bwana Sauti alipakia sanduku kwenye gari akaenda semina ya siku tano. Semina ilihusu malezi. Jumanne mbwa alibweka kwa sauti ya mlango wenye bawaba kavu. Jumatano asubuhi hakubweka kabisa, na ukimya huo ndio uliomtoa Mama Sentimita kwenye cherehani. Alikuwa ameuzoea ule ugomvi kama mtu anavyozoea jino bovu. Akafungua dirisha, akatazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu kalenda ile itoke.

Mbwa alikuwa amelala ubavu, mbavu zimejipanga kama ngazi. Inzi walikuwa wamekusanyika shingoni. Mama Sentimita alitafuta ule mkanda mwekundu, hakuuona. Akafinya macho. Ndipo alipouona: ulikuwa ndani. Mbwa alikuwa amekua, shingo imekua, na hakuna aliyewahi kuulegeza mkanda, kwa hiyo nyama ilikuwa imeufunika kama pindo linavyofunika uzi.

"Shingo ile ni arobaini na tano," alimwambia wifi yake mchana ule. "Mkanda haufiki thelathini na tatu."

Wifi akaja dirishani, akatazama, akarudi kukaa bila kutoa maoni yoyote. Hilo peke yake lilikuwa tukio.

Si kwamba mtaa haukujua. Mtaa ulijua sana. Wakazi walikuwa na kundi lao la simu, na tangu jumanne lilikuwa linawaka moto. Mtu mmoja alipanda ukuta akapiga picha ya mbwa, akaituma na kijipicha cha uso unaolia. Baada yake zikamiminika nyuso zinazolia kumi na nane, mikono ya kuomba, mioyo iliyovunjika. Mmoja aliandika kwamba hakulala kwa uchungu. Mwingine akamjibu kwamba yeye hata kula ameshindwa, na Mama Sentimita, aliyempanulia sketi wiki iliyopita, alijua kwamba hilo si kweli. Ujumbe ulifika mia moja na kitu. Kikombe cha maji, hata kimoja, hakikuvuka ukuta.

Jumatano jioni mwenyekiti wa wakazi aliitisha kikao cha dharura sebuleni kwake. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyependa utaratibu kuliko chakula, na hata mkewe alipomwita mezani alijibu kwamba hoja imepokelewa. Walikuja watu kumi na mmoja. Viti vilipangwa, kikao kikafunguliwa, mahudhurio yakasomwa, akateuliwa katibu, na nusu saa ikaisha kabla mbwa hajatajwa.

Alipotajwa, kila mtu alisema maneno mazuri. Sista, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimkimbilia kwa vidonda na homa, alieleza kwa kirefu namna jeraha la aina ile linavyooza, hatua kwa hatua, mpaka mama mmoja akaomba apewe hewa. Alipoulizwa kama angeweza kwenda kulitazama, alisema kwa masikitiko kwamba yeye taaluma yake ni binadamu. Mwenye duka alishauri busara. Bwana Sauti ni mtu mkubwa, alisema, ni heshima ya mtaa, na mtu wa hivyo haandamwi kwa sababu ya mnyama. Alipendekeza wamsubiri arudi, kisha mtu mmoja amguse kwa upole. Ilipoulizwa nani amguse, mwenye duka alikumbuka kwamba hakufunga duka vizuri.

Wakakubaliana kuandika barua. Hapo ndipo moto ulipowaka, kwa sababu kichwa cha barua kilikuwa na shida. Mwenyekiti alitaka "Kukumbusha kuhusu mbwa." Sista aliona neno kukumbusha linaweza kumuudhi. Katibu akaleta "Salamu na mengineyo." Walibishana mpaka chai ikapoa.

Mama Sentimita alikuwa amekaa karibu na mlango, akitazama mabega ya watu na kuona nani ananenepa. Hatimaye akanyoosha mkono kama wenzake.

"Nauliza tu. Tangu jumatatu, nani amempelekea maji?"

Mwenyekiti alikohoa, akageuza karatasi yake. "Mama, hoja yako ni nzuri sana. Ila imekuja kabla ya wakati wake. Tutaiweka kwenye mengineyo."

Hakungoja mengineyo. Aliaga kwa heshima, akatoka. Hakuwa amekasirika kwa ajili ya mbwa peke yake. Ukweli ni kwamba aibu ilikuwa inamla pia. Miaka miwili dirisha lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyelifunga.

Kesho yake, saa nane na nusu mchana, wanawake wawili wa makamo walipitia uchochoro wa nyuma mpaka kwenye mlango wa ua wa Bwana Sauti, uliofungwa kwa waya. Wifi alibeba ndoo ya maji na mkate uliokosa umbo uliokataliwa kiwandani. Mama Sentimita alibeba rula ya mbao ya mita moja, ya kujilinda, na mkasi wake mkubwa wa vitambaa. Mkasi huo haukuwahi kugusa karatasi. Mteja mmoja aliwahi kuuchukua akate lebo, na hakushonewa tena mtaa ule.

Waya waliufungua kwa koleo. Mama Sentimita alisimama mlangoni, rula mbele yake. Kovu la mvungu wa goti lilimwasha kama alilipata jana.

"Wifi, tangulia wewe."

"Mimi? Si wewe uliyesema tuje?"

"Nimesema tuje. Sikusema nani wa kwanza."

Wifi alimtazama, akasonya, akatangulia. Aliweka ndoo chini akaisukuma kwa mguu mpaka kwenye pua ya mbwa. Mbwa hakuinuka. Alinyoosha ulimi, akagusa maji, akausahau ulimi wake humo kidogo, kisha akaanza kunywa akiwa amelala, na kunywa kwenyewe kulitoa sauti ambayo Mama Sentimita hakuipenda hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayelia kwa adabu.

Harufu ya kidonda iliwafanya wazibe pua. Wifi alimshika mbwa kichwa kwa mikono miwili, mikono iliyozoea trei za moto, akamwambia mambo ya kipumbavu kama anavyoambiwa mtoto mchanga. Mama Sentimita alipiga magoti. Rula aliitupa pembeni. Alitafuta kwa ncha ya kidole mahali mkanda ulipoingilia, akapata uwazi mdogo chini ya sikio, akaingiza mkasi taratibu, namna anavyoingiza anapofumua kitambaa chepesi kisichosamehe. Nailoni haikatiki kirahisi. Alikata, akapumzika, akakata. Mbwa alitetemeka mwili mzima lakini hakuuma. Mkanda ulipoachia, mkasi ukatoa kelele mbaya, na Mama Sentimita akajua bila kutazama kwamba makali yameondoka.

Wakamfunika kwa kitambaa cha pazia, wakambeba kama gunia lisilojaa. Mtaani watu walikuwa wametoka milangoni. Mmoja alipiga picha. Hakuna aliyeomba kupokezana.

Daktari wa mifugo waliyempigia simu alikuja na pikipiki yake kabla ya jua kuzama. Alikuwa daktari wa ng'ombe hasa, mtu wa maneno machache na mabuti ya mpira, na alipoona mgonjwa amelazwa kwenye meza ya kukatia, juu ya mistari ya chaki ya sare za shule, alisema tu kwamba amewahi kufanya kazi mahali pabaya zaidi. Akamchoma sindano, akasafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa, akaanza kushona. Mama Sentimita alisimama begani kwake. Alivumilia nyuzi sita.

"Daktari, unaruka. Nafasi hazilingani."

"Mama, ni mbwa."

"Najua ni mbwa. Hata mfuko wa viazi sishoni hivyo. Mteja wangu angerudisha."

"Mteja wangu mimi harudishi," daktari alisema, lakini nyuzi zilizofuata alizilinganisha.

Ijumaa usiku Bwana Sauti alirudi, na jumamosi asubuhi akabisha. Alisimama mlangoni, shati limenyooshwa, tabasamu limenyooshwa zaidi. Mama Sentimita, kwa mazoea, aliona kwamba tumbo limeongezeka sentimita tatu semina ile. Bwana Sauti alianza kwa asali. Alimwita "mama yangu." Alishukuru kwa moyo wake mkubwa. Alieleza kwamba alikuwa ameacha maagizo kwa mtu, na mtu huyo amemwangusha, na mtu huyo hakuwa na jina. Kisha akasema amekuja kumchukua mbwa wake.

Mama Sentimita alisema mbwa hatoki.

Asali ikaisha hapo hapo. Sauti ilibaki nene lakini ikawa na mchanga. Alikumbusha kwamba mlango wa ua wake ulifunguliwa bila ruhusa, kwamba kuna jina la kisheria la kitendo hicho, na kwamba yeye anafahamiana na watu. Alimpa mpaka jumatatu mchana. Vinginevyo, alisema, atakwenda kituo cha polisi, na itakuwa aibu kwa mama mtu mzima.

Jumapili alikuja mwenyekiti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akapapasa magoti yake, akazunguka wee, mpaka akafika. Wale wa kikao, ambao sasa walijiita kamati, walikuwa wamekaa tena. Kamati ilikipongeza kitendo chake, kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili, kitendo kilikuwa kimeitangulia barua, na barua ilikuwa karibu kukamilika. Ilibaki aya moja. Je, haingekuwa vyema mbwa arudishwe pale tangini, kwa muda tu, ili barua ipelekwe kwa utaratibu wake?

Mama Sentimita alitamani kumtukana mzee yule, lakini alikuwa amewahi kumshonea suti ya kustaafu, na alikumbuka jinsi alivyosimama mbele ya kioo akijipigia saluti alipodhani hakuna anayemwona. Akamwambia tu kwamba mbwa ana dawa saa nne, na aya aimalize salama.

Akiwa peke yake aliogopa. Hakuwa na mtu wa kufahamiana naye kituoni. Usiku huo yeye na wifi walikaa, mbwa amelala kati yao kwenye kipande cha pazia, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hawakuwa na la kubishania.

Jumatatu saa tatu asubuhi redio iliwashwa kama kawaida. Mada ya siku ilikuwa wazazi wasiojali. Wifi, aliyekuwa amebadilishana zamu, alisikiliza dakika kumi, akachukua simu, akabonyeza namba ya kipindi, na ilipoita akaisukuma kwenye mkono wa Mama Sentimita.

"Uliza," alisema. "Wewe si mtu wa vipimo? Uliza."

Na kabla hajajua aseme nini, sauti ile nene ilikuwa sikioni mwake na redioni kwa pamoja, ikimkaribisha mpendwa msikilizaji.

Mama Sentimita alisafisha koo. Alisema ana swali kuhusu mtoto wa jirani yake. Mtoto huyo, alisema, amefungwa nje miaka miwili. Hapewi maji kila siku. Amefungwa kitu shingoni tangu akiwa mchanga na hakuna aliyekilegeza, mpaka kimezama kwenye nyama. Sasa anauliza, jirani afanye nini?

Bwana Sauti alivuta pumzi, na nchi nzima ikamsikia akivuta. Pengine hakuitambua sauti yake. Watu wa aina yake huwa hawasikilizi sauti za watu. Pengine alimezwa na utamu wa nafasi yenyewe.

"Mpendwa msikilizaji," alisema, na kila neno lilitetemeka vizuri, "huyo si mzazi. Huyo ni askari jela. Jirani mwenye utu asisubiri barua wala kikao. Avunje mlango, amchukue mtoto huyo leo, na mimi nitasimama upande wake mbele ya sheria yoyote."

"Asante sana," Mama Sentimita alisema. "Basi nimeshamchukua. Anatembea kwa miguu minne. Na ule mkanda wako mwekundu ninao hapa mezani, ukiutaka njoo."

Redio ilinyamaza kiasi cha mtu kuhesabu mpaka nne. Kisha ukapigwa wimbo ambao haukuwa umetangazwa, ukapigwa wote, ukapigwa tena.

Duka la kona lilikuwa limefungulia redio. Saluni ilikuwa imefungulia. Hata mwenyekiti, inasemekana, alikuwa amefungulia, na kalamu ilimdondoka kwenye aya ya mwisho. Mchana ulifika, ukapita, hakuna aliyekwenda kituoni. Bwana Sauti hakumsalimia mtu yeyote hewani wiki ile, wala iliyofuata, na baada ya miezi miwili lori lilikuja kuchukua makochi yake. Bado anatangaza. Anazungumzia bustani sasa; maua hayapigi simu.

Kundi la simu lilipata uhai mpya. Walipongezana. Katika masimulizi yao, mbwa aliokolewa na wakazi, kwa umoja wao, na mwenye duka alikumbuka kabisa kwamba ni yeye aliyeshika ndoo. Zile picha za mbwa akibebwa zilisambazwa tena, zimekatwa vizuri pembeni, na wanawake waliokuwa wamembeba hawakuonekana zaidi ya viwiko. Mama Sentimita aliletewa kumbukumbu za kikao azitie saini. Alizisoma akiwa amesimama. Zilimtaja mara moja, kati ya waliotoka mapema bila ruhusa ya mwenyekiti. Akatia saini, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mbwa alipona taratibu. Manyoya hayakurudi pale shingoni, pakabaki mstari mwekundu ulioshonwa vibaya mwanzo na vizuri mwisho. Hakumpenda Mama Sentimita kupita kiasi. Aliyempenda ni wifi, na ikikaribia saa nane mchana alienda kujilaza mlangoni kumngoja, mpaka wateja wakawa wanamruka na magauni yao mkononi. Mama Sentimita naye bado alimwogopa. Alipompelekea chakula alisukuma bakuli kwa rula, akasimama mbali, akamwambia ale upesi ana kazi. Bucha alipokwenda kununua mifupa alisema ni ya supu, na mwenye bucha, ambaye alijua mfupa wa supu na mfupa wa mbwa, alimfungia bila kuuliza.